Koo Moja, Jeshi Zima

Katika giza la sayari ya Umbara, Kapteni Rex anainama juu ya maiti ya adui, anaivua helmeti, na anakutana na uso kama wake. Jenerali Pong Krell alikuwa amewaambia askari wake kwamba Waumbara wameiba sare za wenzao. Upande wa pili nao wakaambiwa vivyo hivyo. Ndugu wamekuwa wakiuana. Rex anakimbilia katikati ya mapigano akiwasihi wote waache, na sauti yake inakwaruza kwa uchungu.

Tukio hilo limo katika msimu wa nne wa Star Wars: The Clone Wars, katuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa Dave Filoni. Nimelirudia mara nyingi, mara nyingine nikiwa nimefumba macho, maana kazi ninayoisifu hapa ni ya sikio. Rex, wanaomtii, wanaombishia, wanaokata roho mikononi mwake: wote hao ni msanii mmoja wa sauti, Dee Bradley Baker.

Mtihani wake ulikuwa mgumu. Askari hawa wote ni makloni, nakala za mtu mmoja, Jango Fett, aliyeigizwa na Temuera Morrison wa New Zealand katika filamu ya Star Wars ya 2002. Lafudhi yao ni moja, sauti yao ni ya ukoo mmoja. Rahisi ingekuwa kumpa kila mmoja kituko chake, huyu akorome, yule agugumie. Baker amechagua njia nyembamba. Rex huzikata sentensi zake fupi, kama mtu asiye na muda wa kupoteza. Fives huziacha zikipanda, kwa kuwa daima ana swali moyoni. Hardcase hulirukia neno la pili kabla la kwanza halijatua. Dogma hutamka amri kana kwamba anaisoma ukutani. Ukiwasikiliza kwa muda unawatambua gizani, kama unavyowajua ndugu wa nyumba moja kwa namna kila mmoja anavyopiga hodi.

Hapo ndipo usaliti wa Umbara unapopata uzito. Krell anaamuru Fives na Jesse wapigwe risasi kwa kukaidi amri, na Dogma ndiye anayesimamia kikosi cha wauaji. Fives anawasemesha wenzake huku bunduki zimemwelekea. Wanafyatua, na wote wanakosa kwa makusudi. Baadaye Krell anafichuliwa kuwa msaliti, anawekwa mahabusu, na mkono wa Rex unasita kumuua. Anayemfyatulia ni Dogma. Sauti yake, iliyokuwa imenyooka tangu mwanzo, sasa ina ufa. Aliyekuwa mtiifu kuliko wote ndiye aliyevunjika kuliko wote, na Baker hakuhitaji kupiga kelele kutuonyesha hilo. Alilegeza pumzi tu.

Lakini kilele cha ufundi wake kinakuja katika msimu wa mwisho, mwaka 2020. Makloni wamepandikizwa chipu kichwani, na Amri ya 66 inapotolewa, kila askari anageuka kumuua kamanda wake wa Jedi aliyepigana ubavuni mwake. Fives aliwahi kuigundua siri hiyo akafa bila kuaminiwa. Sasa Rex anamwelekezea Ahsoka, mwenzake wa vitani, bastola mbili, mikono inatetemeka, chozi linashuka, naye anang'ang'ana kulitamka jina la Fives ili Ahsoka ajue pa kutafuta ukweli. Maneno yanatoka yakiwa yamebanwa, kama mtu anayesukuma mlango unaosukumwa kutoka upande wa pili. Kwa miaka mingi Baker aliligawa koo lake likawa jeshi. Hapa anamgawa askari mmoja kuwa wawili, mwaminifu na muuaji, ndani ya sentensi moja.

Mwishoni meli waliyokuwamo imeanguka, na Rex na Ahsoka wamewazika wafu. Helmeti zimechomekwa juu ya vijiti, safu kwa safu. Moja ni ya Jesse, aliyenusurika Umbara kwa sababu ndugu zake walikataa kumlenga, na ambaye Amri ya 66 ilimfanya amwinde Rex. Hakuna anayesema neno. Nazitazama zile helmeti, na kila inayotambulika kwa rangi zake, najua ni sauti ipi iliyonyamaza ndani yake.