Kumi wa Kwanza, Tisa wa Mwisho: Utani wa Hesabu na Seva, Nakivale na Mbarara

Wanafunzi wetu wakiulizwa watoe mfano wa utani katika fasihi simulizi, aghalabu hutoa mfano uleule: Mzaramo na Mnyamwezi, tena msibani. Mfano si mbaya. Ila mwanafunzi wa Mbarara hajawahi kumwona Mzaramo wala Mnyamwezi wakitaniana, na hivyo utani kwake unakuwa jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani, kama idadi ya mizani katika mshororo. Makala haya yanautazama utani ulio karibu na mlango wetu, yaani ule wa vijana wapenzi wa kompyuta wa Mbarara mjini na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaochokozana kwa Kiswahili juu ya hesabu na juu ya mpangilio wa seva zao. Nimeusikia katika kibanda cha kutengeneza simu pale Base Camp na katika chumba cha wanafunzi mjini. Sikwenda kufanya utafiti. Nilipeleka simu iliyovunjika kioo.

Kwa msomaji wa mbali, Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na pale Mkongo anapokutana na jirani asiyejua lugha ya kwao, Kiswahili ndicho daraja. Ama seva, ni kompyuta inayokaa macho wakati wote ili kompyuta nyingine ziiombe huduma. Wenye fedha kidogo huikodi huko Ulaya kwa malipo ya mwezi, na wasio nazo huunda yao kwa mashine kuukuu.

Vijana wa mjini walikuwa na mashine kuukuu kumi. Kwa mapenzi ya lugha wakaziita Moja, Mbili, Tatu, hadi Kumi, kisha wakaiagiza kompyuta iziorodheshe. Kompyuta ikafuata alfabeti kama ilivyofundishwa: Kumi, Mbili, Moja, Nane, Nne, Saba, Sita, Tano, Tatu, Tisa. Kumi akatangulia wote na Tisa akafunga foleni. Kijana mmoja akasema, "Darasani nilikuwa wa kumi miaka yote. Leo mashine imenipa haki yangu." Mwenzake akamjibu, "Na mimi niliyekuwa wa tisa nimekosa nini?" Wakajaribu kuandika tarakimu badala ya maneno, ikawa 1, 10, 2, 3. Kumi bado kamruka mbili! Dawa ikawa kuandika 01, 02, 03, na hapo mtu akasema kwamba sifuri ameajiriwa kuwa askari wa foleni.

Huu ni utani ulioiva, kwa sababu kicheko chake kimeegemea jambo la kweli. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilitenda kama kamusi, na kamusi hujali herufi, haijali thamani. Mwalimu aliyewahi kumwona mwanafunzi wa kidato cha kwanza akilitafuta neno *kupika* chini ya herufi K atajua mara moja ninasema nini. Somo la matumizi ya kamusi, ambalo huwalaza wanafunzi wengi, lilifanyika katika chumba kile kwa dakika tatu na hakuna aliyesinzia.

Utani wa pili umejengwa juu ya kitenzi kimoja, *kupanga*. Kijana wa Nakivale aliwaambia wenzake, "Jumamosi tunapanga seva." Mmoja alikuja na karatasi na kalamu, tayari kuziweka mashine katika safu zake. Mwingine alikuja na fedha mfukoni, akidhani wanakwenda kukodi, kama mtu apangavyo chumba. Wote wawili walikuwa wameelewa Kiswahili sawasawa. Kuanzia siku hiyo anayechelewesha mchango wa mwezi huitwa mpangaji, na anayepanga vizuri lakini halipi huitwa mpangaji asiyepanga. Waingereza nao wana neno lao lenye maana ya kuagiza na ya kuweka katika mfuatano, na hulichezea vivyo hivyo. Lakini mchezo wao hautafsiriki, wala hatuuhitaji. Wetu ni bora, kwa kuwa ndani yake mna kodi, na kodi ya mwisho wa mwezi haihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Mbarara.

Neno hilo lina maana ya tatu, nayo ni nomino. Kijana mmoja aliitumia, kwa haraka ya ulimi, mbele ya watu waliokimbia vita. Kibanda kizima kilinyamaza. Hakukemewa, na mwenyewe aliinama akaendelea kufunga skrubu. Vitabu vyetu husema kwamba mtani hakasiriki. Vinazungumza juu ya watani waliorithishana uhusiano huo kwa vizazi. Watu wa Nakivale hawakurithi utani baina yao. Wanaubuni wenyewe, siku kwa siku, na kila mmoja anachunguza mguu wake unapokanyaga. Nadhani ndiyo sababu wamezipenda namba. Mtu anaweza kumcheka sifuri bila kuuliza sifuri alitoka kijiji gani.

Nirudi kwa sifuri. Wenye kompyuta huanza kuhesabu kwa 0, na kwa hiyo seva ya kwanza huitwa seva 0. Wanafunzi wa mjini walidai kwamba jambo hilo haliwezekani kwa Kiswahili. Mrundi mmoja, fundi wa redio, aliwauliza: ndani ya neno *kwanza* mmeiona wapi moja? Na kweli haimo. *Kwanza* ni habari ya kuanza tu. Seva ya kwanza ni ile inayoanza, hata ikiitwa 0. Ugomvi unaanza baadaye, tunaposema seva ya tatu ni seva 2. Mimi nimefundisha namba za mpangilio miaka mingi na sikuwahi kulitazama neno hilo kwa jicho la fundi redio.

Kuhusu siku na saa, Kiswahili kimewapa watani hawa hazina ambayo haijaisha. Juma letu linaanza Jumamosi, siku ya mosi, na linahesabu hadi Jumatano, siku ya tano. Mara baada yake inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. "Wiki yetu ina tano mbili na haina sita," alisema kijana mmoja, na hakukosea. Sasa mpe mtu wa namna hiyo kazi ya kuiandikia seva ratiba ya kutoa nakala za akiba. Katika ratiba za mashine za Linux, Jumapili ni 0 na Jumatatu ni 1. Kijana akaandika siku ya 3, saa 2, akikusudia Jumatatu saa mbili asubuhi. Mashine ikaelewa 3 kuwa Jumatano. Saa nayo ikaisoma kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na kuhesabu kwake kunaanza usiku wa manane badala ya alfajiri. Kazi ikafanyika Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Vijana wa Mbarara walikosea kwa namna hiyohiyo kuhusu saa, maana Runyankore nacho huhesabu saa tangu kukucha. Tangu hapo mtu akikosa miadi husema, "Nilifuata saa ya seva."

Si kila kitu kilichochekwa kilistahili. Kichekesho maarufu cha Kizungu kisemacho kwamba watu wa duniani wamegawanyika katika makundi 10, wanaojua kuhesabu kwa 0 na 1 tu na wasiojua, kililetwa kikiwa kimetafsiriwa, na kikafa mikononi mwa aliyekileta. Kwa kuandika kinapita, kwa sababu tarakimu inaficha matamshi. Kwa mdomo msemaji lazima achague: makundi *kumi* au makundi *mawili*? Akisema mawili ametoboa siri, na akisema kumi amesema uongo. Upatanisho wa kisarufi haukubali kukaa katikati. Waliocheka walicheka kwa adabu.

Lakini juma lililofuata jambo hilohilo lilirudi katika vazi la nyumbani. "Kitendawili!" "Tega!" "Kwetu moja na moja ni kumi." Watu wakahangaika, mmoja akajibu ndoa, mwingine akajibu sungura, na jibu likawa kompyuta, ambayo huandika jumla ya 1 na 1 kuwa 10. Hapa uongo wa *kumi* si kasoro tena. Kitendawili kinadai kauli isiyoingia akilini, na msikilizaji ameshakubali kudanganywa tangu aliposema tega. Wanafunzi wanaotafsiri vichekesho wangefanya vyema kuzipima kauli hizi mbili kwa pamoja. Walioshindwa kukitegua walipaswa, kwa desturi, kutoa mji. Wakampa mtegaji Mbarara. Akakataa: "Mji nilikuwa nao nikaukimbia. Nipeni seva."

Istilahi za hisabati nazo zimeingia katika mchezo huu, ingawa kwa mafanikio kidogo. *Witiri* na *shufwa* zilielezwa na kijana wa Kisomali kuliko nilivyowahi kuzieleza mimi, kwa kuwa aliijua sala ya witri na rakaa zake zisizogawanyika kwa mbili. *Namba tasa*, kwa upande mwingine, imezaa mizaha juu ya wanawake wasiojaliwa watoto, na hiyo siitetei. Ni dhaifu hata kihisabati: namba tasa haikosi kuzaa, bali haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Msichana mmoja aliwaambia hivyo, tena kwa sauti, na mzaha haukurudiwa nikiwapo.

Nimeacha kwa makusudi utani unaonihusu zaidi. Mkongo wa Nakivale hasemi *ishirini*. Husema *makumi mbili*, na thelathini kwake ni *makumi tatu*. Wenzake waliosoma Kiswahili cha shule humtania kwamba anahesabu kama mtu anayepanga vichane vya ndizi. Naye hujibu kwa swali: "Ishirini ina mbili wapi?" Hakuna aliyepata kumjibu. *Ishirini* ni neno la Kiarabu lililokuja kwetu kwa njia ya pwani. Ni neno zuri, lakini ukilipasua huoni kitu ndani yake. *Makumi mbili* linajieleza. Tena mwanafunzi wa Mbarara hulielewa bila kufundishwa, kwa kuwa kwao ni *makumi abiri*, na Mnyarwanda naye ana *makumyabiri*. Katika kibanda kile, mwenye Kiswahili sanifu ndiye aliyekuwa mgeni.

Itakumbukwa pia kwamba shule za msingi za Tanzania, ambazo zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, huwaeleza watoto nafasi za tarakimu kwa maneno *mamoja*, *makumi* na *mamia*. Mwalimu huandika ubaoni kwamba 25 ni makumi 2 na mamoja 5, kisha humtaka mtoto aseme ishirini na tano. Mkongo amesimama pale pale ubaoni. Hakuvuka kwenda kwenye Kiarabu. Kosa lake kisarufi ni dogo sana, kwani sanifu ingedai *makumi mawili*.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Nakivale, aliyezungumza Kiswahili kwa wepesi kuliko darasa zima, pengine kuliko mwalimu. Katika zoezi la kuandika namba kwa maneno aliandika *makumi* kila mahali, nami nikachora wino mwekundu kila mahali. Alipata alama 3 kati ya 20. Hakulalamika. Aliacha tu kunyosha mkono, na muhula uliofuata akahamia somo jingine. Hapa Uganda Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike rasmi. Bado wazazi wengi wanakijua kama lugha ya kambi ya jeshi, na watoto wengi wanakijua kama lugha ya karatasi ya mtihani. Wanaocheka kwa Kiswahili miongoni mwetu ni wachache, na mmoja wao nilimfukuza kwa kalamu.

Sisemi tuandike *makumi mbili* katika mtihani wa taifa. Msahihishaji atakata alama, na mtoto ndiye atakayeumia. Lakini pembeni ya zoezi kuna nafasi ya kutosha kuandika "hivi ndivyo husemwa Kongo, katika sanifu andika ishirini," na kutoa alama ya hesabu aliyoipata sawasawa. Siku ile nilipokwenda kuchukua simu nilikuwa na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, Mnyankore, mwenye Kiswahili cha kusuasua. Fundi akataja bei ya kioo: elfu makumi mbili. Mimi nilisita kidogo nikitafsiri kichwani. Mwanafunzi wangu alikuwa ameshaanza kumwomba apunguze.