Hakupata Usingizi. Enhe, Halafu?

Wenzangu wa kalamu, hebu tuulizane kidogo. Ni hadithi ngapi tumeandika ambamo shujaa "usiku ule hakupata hata lepe la usingizi"? Tunamlaza, tunamgeuza ubavu wa kulia, tunamgeuza wa kushoto, jogoo anawika, basi. Mstari mmoja na nusu. Asubuhi "anaamka", sijui kutoka usingizi upi, anakwenda zake kwa mpenzi wake na hadithi inaendelea. Usiku mzima umepita na msomaji hakuambiwa hata chumba kilikuwaje.

Mimi nasema huo ni usiku uliotupwa. Na shahidi wangu anatoka mbali, Ufaransa. Mwaka 1913 Marcel Proust alitoa Du côté de chez Swann, juzuu ya kwanza kati ya saba za riwaya yake kuhusu wakati uliopotea. Inaanza na mtu anayehangaika na usingizi. Alfred Humblot, wa nyumba ya uchapishaji ya Ollendorff, aliukataa mswada huo. Alisema haelewi kwa nini mtu atumie kurasa thelathini kueleza anavyojigeuzageuza kitandani kabla ya kulala. Wengine nao wakaukataa. Mwishowe Proust akatoa hela yake mwenyewe, Grasset akakichapa. Mwaka 1919 juzuu ya pili ikapata tuzo ya Goncourt. Si mchezo.

Sasa kwa nini kurasa zile zinasomeka? Kwa sababu jamaa hajigeuzi bure. Anazinduka gizani, hajui yuko chumba gani, hajui hata yeye ni nani. Akili bado imelala. Kinachoanza kukumbuka ni mwili: ubavu, goti, bega. Ubavu unakisia ukuta uko upande upi, na kila ukikisia, chumba kingine kinajengeka: cha utotoni nyumbani kwa babu na bibi, cha ugenini, cha kiangazi, cha majira ya baridi. Katika kile cha baridi mtu hujitengenezea kiota kwa pembe ya mto, ncha ya blanketi, shali, ukingo wa kitanda na gazeti. Vitu vya ovyo kabisa! Lakini ukivisoma unaijua baridi ile, ingawa mwandishi hakuipigia kelele.

Na mambo ya kitandani Proust aliyajua. Alikuwa mgonjwa wa pumu tangu utotoni, akilala mchana na kuandika usiku, akiwa amejilaza. Chumba chake cha Paris alikifunika kuta kwa lile gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili kelele za mtaani zisipenye.

Hapo najua mwalimu wa fasihi atanyanyua chaki. Fani nimeiona, atasema, lakini maudhui yako wapi? Ukombozi wa jamii uko wapi kwenye shali na gazeti? Swali ni halali, na jibu lake liko kitandani humo humo. Chumba cha baridi cha Proust kina moto unaowaka usiku kucha. Anaifurahia baridi kwa kuwa iko nje na yeye yuko ndani. Hiyo, jamani, ni baridi ya mwenye nacho.

Mfungue sasa Charlotte Brontë, riwaya ya Jane Eyre ya mwaka 1847. Katika shule ya Lowood, inayolea mayatima kwa michango, upepo unapenya nyufa za madirisha ya bweni usiku kucha. Asubuhi maji ya kunawa yamegeuka barafu ndani ya majagi. Helen Burns, rafiki yake Jane, anakufa kwa kifua kikuu. Usiku wake wa mwisho Jane anamnyatia pekupeku, na Helen, yeye anayekufa, ndiye anayemwambia mwenzake apande ajifunike blanketi lake. Brontë hakuwa na haja ya kuhubiri hapo. Mwaka 1825 dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki baada ya kuugua wakiwa shule ya bweni. Ukiniuliza maudhui ya sura ile nitakuonyesha blanketi. Ukiniuliza fani, nitakuonyesha blanketi lile lile.

Sisi je? Kiswahili tumekipokea kutoka pwani, na hadithi zetu za mjini zimejaa jasho, feni na mbu. Sawa, Dar ndiyo hiyo. Lakini wengi wetu tunaogaagaa Manzese na Kinondoni tulishuka na mabasi kutoka Makete, Lushoto, Mbulu. Mimi ni mtu wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Umeme ukikatika hapa Dar na joto likaninyima usingizi, mwili wangu unakwenda zake kwenye chumba cha nyuma, mwezi wa saba. Tulilala watatu, blanketi moja. Wa katikati ndiye mfalme. Wa ukutani anakula ubaridi wa tofali. Wa ukingoni mgongo wake uko nje, na sheria ilikuwa kwamba aliyekojoa jana, leo analala ukingoni. Jiko la mkaa liliingizwa baada ya chakula, kisha mama akalitoa kabla hatujafumba macho, hata tulie vipi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa akidhani anasinzia. Alfajiri, pumzi tulizozitoa usiku zimegeuka maji chini ya bati, zinatudondokea usoni. Nje, majani meupe kwa sakitu.

Chumba hicho nakitafuta kwenye maandishi ya rika letu. Ninachokuta ni "baridi kali ilivuma". Kali vipi, bwana? Ilimvumia nani, na nani alikuwa amefunikwa? Lugha haijatunyima kitu: tuna kipupwe, tuna kuzizima, tuna kujikunyata, tuna kujifunika gubigubi mpaka kichwani. Tatizo ni kwamba tumezoea kudhani habari za nyumbani kwetu si za kuandikwa, eti fasihi inaanza ukishafika mjini. Na nyumba zile zinabomolewa, wazee wanakwisha. Tukiendelea hivi, watoto wetu watasoma vitabu vyetu na kuamini kwamba kila anayeandika Kiswahili alilelewa chini ya mnazi.

Sisemi tumwige Proust. Kurasa thelathini ni za mtu mwenye hela ya kujichapishia. Msomaji wetu anasoma kwenye daladala, ukurasa wa tatu atakuwa keshateremka. Aya moja inatosha, mradi ndani yake mwili uwe macho. Wala sisemi kila hadithi iwe ya utotoni. Nasema tu kwamba mtu asiyepata usingizi hana pa kukimbilia. Hana kazi ya kumshughulisha wala mwenzake wa kuongea naye, na giza limemfungia macho. Amebaki na ngozi yake na vyumba vyote alivyowahi kulala. Mwandishi atapata wapi nafasi nzuri kuliko hiyo ya kumjua mtu wake?

Basi safari ijayo ukimlaza mhusika wako na usingizi ukamgomea, usikimbilie kutuambia alikuwa anawaza nini. Tueleze kwanza blanketi lilikuwa la watu wangapi, na yeye alilala upande gani.