Kusadikika: Kitabu Kilichonigeuza

Mimi sipendi hadithi za ajabu. Nasema hivyo mapema ili mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia. Nikiona katika kitabu mtu anaruka bila mabawa, au jini anatoka chupani, mara moja nakifunga na kutafuta kazi nyingine. Labda ni kosa la seminari. Kule tulizoezwa kuuliza kila neno: limetoka wapi, tena linathibitishwa na nini? Aliyezoea kuuliza hivyo huwa mgeni mbaya katika nyumba ya majini.

Tena hapa kwetu Uvira mambo ya ajabu hayana haja ya kutungwa. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua nyumba na watu. Miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda, likaingia katika nyumba za pwani, na watu wakapita kwa mtumbwi mahali walipozoea kupita kwa miguu. Aliyeyaona hayo, hadithi ya kisiwa cha majini itamwambia nini?

Mke wangu si hivyo. Yeye alikulia kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na siku aliporudi kwetu alibeba vitu vichache sana, na kati yake vitabu viwili vya Shaaban Robert, vimefungwa katika mfuko wa sukari visipate maji. Kimoja ni Adili na Nduguze, kingine ni Kusadikika. Wengi wenu mnalijua jina la mwandishi huyo. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962, na maisha yake karibu yote alikuwa karani katika ofisi za serikali ya Kiingereza. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Hakuna aliyeinua heshima ya lugha yetu kumpita.

Basi mke wangu alianza kunijaribu na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Adili ni liwali mwema, mpole kwa watu na kwa wanyama, lakini kila usiku huwapiga nyani wawili kwa mjeledi, huku akilia. Kumbe nyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya uovu wao. Katika safari zake Adili alifika katika mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, akamkuta humo msichana mmoja aliye hai, jina lake Mwelekevu, akampenda. Ndugu zake wakaona kijicho, wakamtupa baharini. Jini akamwokoa.

Kisa hiki asili yake ni zile hadithi za Alfu Lela Ulela, na lugha yake ni tamu kama asali ya mwitu. Mji ule wa mawe sitausahau. Lakini moyo wangu haukutikisika. Adili alipotupwa baharini sikuogopa hata kidogo, maana nilijua jini ana deni lake la wema na hatamwacha azame. Kila shimo katika kitabu kile lina jini wa kulifukia. Nikamrudishia mke wangu kitabu nikamwambia, «Mama Furaha, asante. Nimepumzika vizuri.» Alielewa nilichotaka kusema.

Ikapita miezi. Akanipa Kusadikika. Nikafungua, nikaona kwamba ni habari za nchi inayoelea hewani, haina ardhi chini yake. Nikakifunga papo hapo. Akasema, «Baba Furaha, soma mpaka gerezani. Ukifika pale usisikie kitu, sitakusumbua tena kwa vitabu.»

Nikasoma kwa sababu ya ahadi ile.

Kitabu kilitoka mwaka 1951, na wengi wamekisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni. Kusadikika ni nchi yenye mfalme, jina lake Jeta, na baraza, na mawaziri. Mkubwa wao kwa ukali ni Majivuno. Kijana Karama ameletwa mbele ya baraza kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na Majivuno anataka ahukumiwe kufa. Karama anaruhusiwa kujitetea, lakini kwa ajabu hajitetei mwenyewe. Siku baada ya siku anasimulia habari za watu wengine: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao ni wajumbe sita waliotumwa na nchi yao wenyewe, wanne kwenye pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa Kusadikika. Kila mmoja alipata taabu njiani, akaona mema ya wengine, akarudi na habari zake. Na kila mmoja aliporudi alitiwa gerezani.

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kitini. Maana niliona kwamba mwandishi ametumia ajabu mara moja tu, pale alipoitundika nchi hewani, na kisha ameingia katika mambo ya kila siku: baraza, mashitaka, kifungo, mtu mmoja anayesema na wengi wanaomkunjia uso. Katika Adili jini hufika saa ya hatari. Katika Kusadikika hatari inafika na jini hafiki. Mlango wa gereza haufunguki kwa pete wala kwa neno la siri. Karama hana kitu ila kinywa chake na kumbukumbu ya watu sita. Nadhani Shaaban Robert aliyajifunza hayo ofisini, akiwa karani, maana karani huona barua nyingi zikiingia na majibu machache yakitoka.

Sasa niwaambie kwa nini kilinigusa. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwaya yetu alikamatwa. Kosa lake lilikuwa kusimama katika mkutano wa mtaa na kuuliza fedha zilizochangwa kwa ajili ya bomba la maji zimekwenda wapi. Alikuwa na hesabu yake katika daftari, franka kwa franka, naye aliileta kwa nia njema. Mama yake alikuja kwangu usiku. Alisema, «Mwalimu, wewe unajua Kifaransa, unajua kuandika barua. Nenda useme nao.» Nilimjibu kwamba mambo hayo ni ya wakubwa, na kwamba tutamwombea. Tulimwombea, kweli. Lakini barua sikuandika. Kijana alikaa ndani majuma kumi na moja. Alitoka amekonda, na tangu siku ile haimbi tena.

Niliposoma habari za mjumbe wa kwanza kutiwa gerezani niliona daftari lile. Niliposoma ya wa pili sikuweza kuendelea, nikatoka nje nikatazama taa za wavuvi ziwani. Sijui kama Shaaban Robert alipanga kwamba kifungo kile kirudiwe mara sita ili msomaji mgumu apigwe mara sita. Watu wengine hulalamika kwamba kitabu chajirudia. Ni kweli, kinajirudia: ametumwa, ameona, amerudi, amefungwa. Mimi lakini nilihitaji mara zote sita. Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hata ilipofika mara ya nne nilikuwa nimekwisha kosa neno.

Msidhani nakisifu bila kuona makosa yake. Hotuba ni ndefu mno, na watu wote husema kwa sauti moja, yaani sauti ya Shaaban Robert mwenyewe. Wanawake karibu hawasikiki, na hilo mke wangu aliligundua kabla yangu. Nchi walizozitembelea wajumbe ni njema kupita kiasi. Natamani mmojawapo angalau angerudi na habari ya mashaka. Na majina! Mtu akiitwa Majivuno, kuna haja gani ya kungoja aseme? Katika maisha yetu mwenye majivuno huwa na jina zuri la ubatizo, tena hukaa benchi la mbele.

Lakini kosa lililonisumbua kuliko yote ni jingine, nami sijamaliza kulifikiri. Mwishoni mfalme Jeta anasikia. Amemsikiliza Karama mpaka mwisho, naye anamwacha huru, na wajumbe sita nao wanafunguliwa. Mimi niliyechukia hadithi za ajabu nilikubali nchi inayoelea hewani, nikakubali na mjumbe anayepanda mbinguni. Nilipofika kwa mfalme anayesikia, hapo nikasita. Hiyo ndiyo ajabu kubwa ya kitabu. Je, mwandishi ametudanganya kwa kumaliza vizuri? Au alimwandikia mfalme fulani, akimwonyesha jinsi mtu anavyoweza kugeuka bila kuaibika? Mara nyingine nafikiri hivi, mara nyingine vile.

Nilipozungumza na mke wangu juu ya hayo, aliniambia jambo ambalo sikulitazamia. Alisema Kusadikika ndicho kitabu cha mapenzi kuliko Adili. Nilicheka. Nikamwuliza, bibi arusi yuko wapi? Nikamwambia kuwa seminarini tulisoma kwa Kifaransa kitabu cha Mwingereza George Orwell kiitwacho 1984, kilichotoka mwaka 1949, miaka miwili tu kabla ya Kusadikika. Hicho nacho ni habari ya nchi mbaya iliyobuniwa, na ndani yake mna mapenzi ya kweli ya mtu na mtu: Winston na Julia wanapendana kwa siri, na serikali haitulii mpaka imewatesa hata kila mmoja amemsaliti mwenzake. Mapenzi ni hayo, nikasema, hata yakivunjwa.

Alinisikiliza akichambua mchele. Kisha akasema, «Huyo Karama alijua kwamba sita walikwisha fungwa. Akasimama awe wa saba, tena hataji taabu yake, ataja ya wenziwe. Baba Furaha, mtu kama huyo utamwitaje?»

Sikuwa na jibu, wala sasa sina jibu zuri. Katika 1984 mapenzi ya wawili yanatafuta chumba cha kujifichia, na chumba chenyewe kinageuka mtego. Katika Kusadikika hakuna chumba. Kupenda kunafanyika mbele ya baraza, mchana, na adui anasikia kila neno. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili ambamo mtu anapendwa namna hiyo, yaani kwa kutajwa jina lake mahali ambapo jina lake limekatazwa. Mwelekevu wa mji wa mawe ni mzuri, naye Adili anastahili kuoa. Lakini Buruhani na wenzake walipendwa wakiwa gizani, na mtu asiye na la kupata kwao.

Basi, hadithi za majini bado sizipendi, nami sitaki mniletee. Kusadikika nimekisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikichukua chini ya mkono nikaenda kwa mama yule, nikamwambia jambo nililopaswa kumwambia tangu zamani. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, hakusema mengi. Kijana wake alikuwapo, akitengeneza wavu. Nikamwachia kitabu.

Baada ya majuma mawili nilimkuta sokoni Kalundu. Alikuwa amefika kwa mjumbe wa tano. Nikamwuliza anakionaje. Akasema ni kizuri, ila kuna kitu anachokitafuta. «Mwalimu,» akasema, «wale sita waliokuwa ndani, nani alikuwa akiwapelekea chakula?»

Nikamwambia sikumbuki, nitatafuta. Kitabu bado kiko kwake.