Wanne kwa Wanne: Kazi Iko kwenye Vipimo

Ukipita viwanja vya Ukunda au Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, baada ya sala ya alasiri, mara nyingi utakuta kikosi kimegawanywa: wanne kwa wanne huku, wanne kwa wanne kule, magoli ni ndala mbilimbili. Anayetazama kwa mbali hudhani kocha amewaacha vijana wajifurahishe. Kumbe hayo ndiyo mazoezi yenyewe, ila yanafaa tu pale kocha anapojua anachotafuta.

Tuanze na hesabu ya mpira. Vijana 16 wakicheza wanane kwa wanane, mpira ni mmoja na winga anaweza kukaa dakika tatu bila kuugusa. Wagawe kwenye viwanja viwili, mipira inakuwa miwili na kila mtu yumo mchezoni. Manchester United walijaribu jambo hili kwa watoto wa chini ya miaka 9 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walipolinganisha wanne kwa wanne na wanane kwa wanane, pasi ziliongezeka kwa asilimia 135 na majaribio ya kufunga kwa asilimia 260. Kwa timu yenye mipira mitatu na saa mbili kabla ya magharibi, faida hiyo si ndogo.

Pumzi nayo inapatikana humohumo. Mwaka 2006 Franco Impellizzeri na wenzake walichapisha utafiti wa wachezaji chipukizi waliogawanywa makundi mawili: moja likikimbia mbio za vipindi bila mpira, jingine likicheza michezo midogo. Vipindi vilikuwa vinne vya dakika nne, mapumziko dakika tatu. Makundi yote mawili yalipata stamina kwa kiwango kilekile. Basi kocha anayewazungusha vijana uwanja mara kumi kwenye jua la kaskazi, halafu ndipo awape mpira, anawachosha mara mbili kwa faida moja.

Lakini kupunguza idadi ya wachezaji ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye eneo. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ukigawanywa kwa wachezaji 22, kila mmoja anapata kama mita za mraba 325. Wanne kwa wanne kwenye mita 30 kwa 20, kila mmoja anabakiwa na 75 tu. Hapo anajifunza kupokea mpira akiwa amebanwa, kugeuka haraka na kupiga pasi fupi. Hajifunzi kukimbia mita 40 kumfuata mshambuliaji aliyetoroka, kwa sababu mita 40 hazipo. Vipimo vingi vya mbio vimeonyesha hivyo: michezo ya eneo dogo ina kusimama na kugeuka kwingi, na mbio ndefu za kasi chache kuliko mechi.

Kwa hiyo wiki inahitaji maeneo mawili. Siku moja eneo dogo, kwa miguu na akili ya haraka. Siku nyingine wanane kwa wanane kwenye mita 80 kwa 60, ambako kila mmoja ana mita za mraba 300 za kulinda, karibu sawa na siku ya mechi.

Timu za ufuo wa Diani zina uwanja ambao bahari ndiyo inayoupima. Siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi, kama saa nne au saa tano, na ufuo unakuwa mpana, mchanga mbichi ukiwa mgumu wa kukimbilia. Asubuhi ya Jumamosi kama hiyo ni ya eneo kubwa. Jioni ya siku hiyohiyo maji yamejaa na uwanja haupo. Siku za maji mafu, kupwa kunaangukia alasiri, lakini ufuo unaobaki ni mwembamba, na hapo wanne kwa wanne panatosha. Kosa ni kuhamia mchanga mkavu wa juu. Kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu, na mpira haudundi. Dakika nne za chini si dakika nne za juu. Punguza muda au punguza vipindi.

Kipimo cha mwisho ni sheria, na hapa ndipo kocha mzuri anapoonekana. Tuseme mabeki wake hubaki nyuma timu ikishambulia, katikati pakabaki pengo. Anaweza kupiga kelele jioni nzima. Au atangaze sheria moja: bao halihesabiwi mpaka wote wanne wawe wamevuka nusu. Bao la kwanza linafungwa, kocha anamnyooshea kidole beki aliyesimama nyuma mikono kiunoni, bao linafutwa. Kuanzia hapo wenzake ndio wanaomkemea. Akitaka vijana wainue macho, anaweka magoli mawili madogo kila upande, kama alivyofundisha Mjerumani Horst Wein kwenye mchezo wake wa watatu kwa watatu. Upande mmoja ukijaa watu, goli la upande wa pili li wazi, na anayetazama miguu yake hataliona.

Sheria iwe moja kwa kipindi. Mguso mmoja, pasi tano kabla ya bao na mguu wa kushoto tu, vyote kwa pamoja, vinamfanya kijana ahesabu badala ya kucheza.

Timu ikifungwa Jumapili kwa mpira mrefu uliopita nyuma ya mabeki, kocha asianze na beki. Aanze na wiki yake: alimpa beki huyo mita ngapi za kukimbilia?