Prins na Fundi wa Matondoni

Ukitaka kuandika juu ya majahazi ya Lamu, wasomi watakuelekeza kwanza kwa A.H.J. Prins, Mholanzi aliyechapisha Sailing from Lamu mwaka 1965. Ni kitabu cha maana: vyombo, ujenzi wake, mabaharia, vyote vimo.

Mimi nilikwenda nacho Matondoni, ambako majahazi hujengwa ufuoni. Nikamtafsiria fundi mmoja ukurasa mzima. Akasikiliza huku anaendelea kukalafati.

"Sawa, mwanangu. Lakini hapo mkono haumo."

Niliudhika kidogo, kisha nikaelewa. Fundi hajengi kwa mchoro. Vipimo viko jichoni na mkononi. Kitabu kitakutajia taruma, lakini hakitakuonyesha kwa nini fundi amelitazama moja akalikataa.

Hilo si kosa la Prins. Kosa ni letu tunaomnukuu bila kushuka pwani kumhakiki. Kitabu kitabaki rafuni miaka na miaka, mafundi wanapungua. Wakiisha, nani atatuambia Prins alipopatia na alipokosea? Basi twendeni na daftari, na tukishaandika, tumrudie fundi tumsomee kabla ya kuchapisha.