Soneti ya Keats kwa Mto Nile: Maji Yasiyo na Wenyewe

Fasihi ni zao la jamii, na kila mtunzi huona kwa macho ya tabaka na zama zake. Lakini kanuni hii haimpi kada ruhusa ya kulihukumu shairi kabla ya kulisoma. Kulibandika jina la ubeberu si uhakiki. Ni uvivu wa fikra.

Tarehe 4 Februari 1818, London, Waingereza watatu, John Keats, Percy Shelley na Leigh Hunt, walishindana kutunga soneti juu ya Mto Nile kwa robo saa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona mto huo.

Soneti ya Keats ina mishororo 14. Katika minane ya mwanzo anauita mto mtoto wa milima ya Afrika, anataja mapiramidi na mamba, kisha anashangaa: mbona tunauita wenye rutuba, na mawazoni mwetu tunaona jangwa? Hapo wanatokea watu: wamechoka kwa kazi, wanapumzika, wanauheshimu mto, na mshairi anashuku kwamba labda wamedanganyika.

Katika mishororo sita ya mwisho anageuka na kujikosoa. Anakiri kuwa ni ujinga unaoifanya nchi ya wengine ionekane jangwa. Nile nao una nyasi mbichi, jua la asubuhi na visiwa vya kijani, kama mito ya kwao. Kwa kijana wa miaka 22, katika taifa lililokuwa likitawala wengine, hiyo ni hatua ya kimaendeleo, nasi hatuna budi kuikubali.

Hata hivyo, tutazame nani hakurudi. Nyasi zimerudishiwa heshima, jua limerudishiwa heshima, lakini wale watu waliochoka kwa kazi hawatajwi tena. Mto umesafishwa ujinga, ukabaki bila wenyewe. Huo ndio mpaka wa mtazamo wa Keats, na umo ndani ya shairi lenyewe. Hatukuuleta sisi kutoka nje.

Mpaka huo si wa ushairi tu. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi za kuathiri maji ya Nile zisifanywe bila ridhaa ya Misri. Maji yalihesabiwa, mkulima wa kandokando ya Ziwa Viktoria hakuulizwa. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo.

Je, sisi tumevuka mpaka huo? Maji ya nyanda hizi za Mbeya na Iringa huingia Ruaha Mkuu, yakanywesha mpunga wa Usangu, wanyama wa hifadhi, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka hifadhini wakati wa kiangazi. Anayeusifia kwa umeme tu humsahau mkulima; anayemtetea mkulima wa juu tu humsahau wa chini. Wote wawili wanatunga soneti ya Keats.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa kilimo wa Uyole asione kwamba shairi hili halimhusu. Kila asomapo maandishi juu ya mto, yawe ya mshairi au ya mpango wa serikali, na aulize: watu wenye mto wametajwa wapi, na wameachwa katika mstari gani?