Kinondoni Haikupungua: Mpangilio Unavyobadili Jibu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Jedwali la wilaya zake lina safumlalo tano tu, lakini linatosha kuonyesha kwamba mpangilio ni sehemu ya ulizo la SQL lenyewe.

Ulizo lisilo na ORDER BY, agizo la kupanga safumlalo, halijaahidiwa mpangilio wowote. Leo Kinondoni inaweza kutangulia. Ukisahihisha takwimu yake katika PostgreSQL, kanzidata huandika toleo jipya la safumlalo hiyo, na pengine kesho ikatokea mwisho.

Basi tuagize idadi kubwa itangulie: ORDER BY idadi DESC. Iwapo safuwima ya idadi iliingizwa kama maandishi, Kinondoni yenye watu 982,328 itakaa juu, Kigamboni yenye 317,902 itafuata, na Ilala yenye 1,649,912 itakuwa ya tatu. Maandishi hulinganishwa alama moja moja kuanzia kushoto: 9 huishinda 3, na 3 huishinda 1. Igeuze safuwima iwe ya namba, upate mpangilio wa kweli: Ilala, Temeke, Ubungo, Kinondoni, Kigamboni.

Hata huo una mtego. Katika sensa ya 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049 na Temeke 1,368,881. Ukilinganisha na 2022, Kinondoni imeporomoka na Temeke, yenye 1,346,674, imeshuka kidogo. Kumbe baada ya sensa ile Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Alfabeti nayo haisaidii: inaibandika Kigamboni kando ya Kinondoni na kuitupa Ubungo mwisho.

Kinachohitajika ni safuwima mbili za ziada. Ya kwanza, asili: Kinondoni na Ubungo 1, Ilala 2, Temeke na Kigamboni 3. Ya pili, zamu: wilaya mama 0, iliyomegwa 1. Kisha:

ORDER BY asili, zamu

Sasa kila wilaya mpya iko chini ya mama yake, na kujumlisha ni rahisi: Kinondoni ya zamani ina watu 2,069,240, Temeke ya zamani 1,664,576. Zote zimekua. Usiiache zamu, maana bila hiyo Kinondoni na Ubungo zinafungana, na yoyote inaweza kutangulia.

Namba za asili na zamu zikae kwenye jedwali la wilaya, zisirudiwe ndani ya kila ulizo. Wilaya nyingine ikimegwa, utaongeza safumlalo moja na ripoti zote zitajipanga.